Kustaafu Kabla ya Mvi

Jumatatu ya kwanza baada ya kuacha kazi nilikaa barazani kwangu, hapa Bariadi, na kikombe cha chai ya maziwa, nikawatazama watumishi wenzangu wa juzi wakipita na pikipiki kuwahi ofisini. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeisubiri kwa muda mrefu kiasi kwamba niliijua kabla haijafika: nitavaa kandambili, nitakunywa chai taratibu, simu ikiita nitaiacha iite. Yote yalikwenda kama nilivyopanga, isipokuwa moja. Kila aliyepita alinipungia mkono kwa upole mno, kama anayempungia mfiwa.

Mwanzoni sikuelewa. Nilidhani ni wivu, nikaufurahia.

Nilikuwa bwana mifugo. Zaidi ya miaka ishirini nilizunguka mkoa huu na sindano na boksi la barafu, nikichanja ng'ombe wa watu, nikiandika vibali vya kuwasafirisha, nikiwaambia wenye mifugo mambo ambayo baba zao walikuwa wanayajua. Kazi niliipenda. Kilichonichosha ni vikao. Ng'ombe hajawahi kuniomba taarifa ya robo mwaka. Nilipofikisha miaka thelathini na kitu nilimwambia mke wangu kwamba sitaki kufika sitini nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasikiliza mtu anasoma ajenda. Nataka niache mapema, miguu ikiwa bado ina nguvu.

Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi na anaipenda kazi yake mpaka leo, Mungu amsaidie. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka sharti lake. "Sawa. Ila sitaki tule mlenda miaka kumi ili tuje kula kuku tumeshang'oka meno. Tutaweka akiba, na tutaishi."

Basi tukaishi. Wenzangu walikopa kwenye mshahara wakanunua magari ambayo mafuta yake waliyakopa pia. Mimi nilibaki na pikipiki yangu. Hatukujenga ukuta wa kushindana na jirani. Lakini tulinunua kitanda kizuri na godoro la maana, na Jumamosi mojamoja tulikuwa tunakwenda Lamadi, tunanunua sato mbichi kwa mama mmoja anayetujua, tunakaangiwa palepale, tunakula mpaka tunalegea. Tulipanda vyumba vya kupangisha, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayepanda miti. Wakati wa mavuno nilinunua mpunga Mwamanyili, nikauhifadhi, nikauza bei ilipopanda. Kilichobaki nilinunulia hatifungani za serikali. Ng'ombe sikununua hata mmoja. Niliwajua mno: anakula, anaugua, anaibiwa, na akifa anakufa na mtaji. Bwana mifugo asiye na ng'ombe! Watu walicheka, nami nikacheka nao, nikijiona mimi ndiye mjanja.

Na hapo ndipo nilipokosea, mimi mtoto wa Kisukuma niliyezaliwa kwenye harufu ya zizi. Mali ya huku kwetu inakaa nje, inatembea, inanyea njia, na kila mtu anaihesabu inapopita kwenda kunywa maji. Mali isiyoonekana si mali. Mtu mwenye mshahara hata asipokuwa na ng'ombe anavumiliwa, maana mshahara nao una kwato zake. Ukiondoa mshahara, watu wanatazama uani kwako, hawaoni kitu, wanahitimisha.

Serikalini mtu anastaafu kwa hiari akiwa na hamsini na tano, kwa lazima akiwa na sitini. Chini ya hapo hakuna neno lake. Ukisema umestaafu una arobaini na saba na kichwa hakina mvi, watu wanakutazama kama umesema umezaa ukiwa mwanamume. Mtaani kwangu walishaona watumishi waliotolewa kazini kwa ajili ya vyeti vya kughushi, wakajua namna watu hao wanavyokaa barazani asubuhi na kikombe cha chai. Nilikuwa nimekaa vilevile.

Jirani yangu, mjane anayekaanga maandazi kwenye kona, ndiye aliyenifungua macho. Nilikwenda kununua, akanifungia na mengine mawili ya ziada, akakataa kuyapokelea hela. Akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Ni vyeti, au walikuonea?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliufunga. Sababu ya kwanza ninayoweza kuitetea ni hii: huku kwetu mtu mzima, mwenye afya, asiye na kazi wala ng'ombe, lakini ana hela, anaulizwa hela hiyo imetoka wapi, na wanaouliza wana jibu lao tayari. Watasema ana ndagu, dawa ya utajiri, amemtoa mtu wa familia yake. Maneno hayo si ya kuchezea. Sababu ya pili siwezi kuitetea. Anayehurumiwa haombwi mkopo. Nilikuwa nimejipanga kwa kila kitu, kuanzia bati la kubadilisha mpaka dawa za uzeeni, lakini sikuwa nimejipanga kwa foleni ya ndugu na marafiki watakaokuja kusema, "Si umekaa tu na hela?" Huruma ya yule mama ilikuwa uzio wa bure. Nikasema, "Tumwachie Mungu." Nikachukua maandazi, nikaondoka nayo.

Tangu hapo nikawa maskini wa mtaa.

Kanisani, mchungaji aliniita mbele niombewe. Alisema kuna ndugu yetu amepatwa na jaribu katika ajira yake, na mimi nikasimama, nikainamisha kichwa, nikawekewa mikono na watu ambao nusu yao walikuwa hawajui watakula nini jioni. Mzee mmoja, mkulima wa pamba wa kule Zagayu aliyekuja kumtembelea mwanawe, alilia machozi kwa ajili yangu. Yalinidondokea shingoni. Mke wangu hakusimama. Alikaa kwenye benchi lake akitazama mikono yake.

"Mwambie mtu mmoja ukweli," aliniambia tukiwa tunakula. "Mmoja tu. Kabla hujawa maskini wa kweli."

Nikamwambia hajui watu wa huku. Akasema yeye anawafundisha kusoma watoto wa watu wa huku.

Halafu kikundi chetu cha kuzikana kikakaa. Kila kaya ya mtaa imo. Ukifiwa, wenzako wanaleta unga, kuni, maji na mchango, na asiyechangia bila sababu anajua atabaki na msiba wake peke yake. Mwenyekiti alisimama akapendekeza kwamba mimi nisidaiwe mpaka nitakaponyanyuka tena. Watu wote wakaitikia, hakuna aliyenung'unika. Mjane wa maandazi alikuwa wa kwanza kusema ndiyo, na palepale akafungua fundo la kitenge akatoa mchango wake, noti zenye mafuta ya kukaangia. Wahenga walisema uso umeumbwa na haya. Wangu siku hiyo ulikuwa umeumbwa na kitu kingine, maana nilisema asanteni, nikakaa.

Nyumbani sikumsimulia mke wangu. Alisimuliwa na wengine.

Sasa nimlete dada yangu.

Ni mkubwa wangu, wa tumbo moja, anaishi Nkololo, mjane, analima pamba na mahindi. Alipoolewa ilitoka mahari nzuri, na kwa desturi yetu ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya binti ndio wanaomwozea kaka yake. Za kwake hazikuniozea mke. Baba aliziuza moja moja, muhula kwa muhula, nikasoma sekondari, nikasoma chuo. Dada hakuwahi kulalamika. Alikuwa anatania mbele za watu, "Ng'ombe zangu hazikuchungwa porini hizo. Zilisoma mpaka chuo, sasa zinachanja wenzao." Watu wanacheka, na mimi nacheka, na yeye ndiye anayecheka zaidi.

Katika mipango yangu ya kustaafu nilikuwa nimemweka chini ya neno ndugu. Fungu la ndugu lilikuwa dogo na halikutakiwa kuzidi: sukari na sabuni Krismasi, kitenge mwaka mmoja mmoja, na dharura. Nilikuwa najisifia fungu lile kwa sababu halikuwahi kuvunjika. Wengine waliomba nikawapunguzia. Dada hakuwahi kuomba, na kwa sababu hakuwahi kuomba niliona hana shida.

Alifika siku ya katikati ya wiki, jua limeshapanda. Mimi nilikuwa uani namwagilia mchicha. Nilisikia kwanza mlio ambao mtu wa kazi yangu haukosei hata usingizini, mlio wa ng'ombe aliyechoka kutembea anayemwita ndama wake. Nikageuka. Dada alikuwa amesimama getini, amefunga kitenge kiunoni, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, mkononi ameshika kamba. Mwisho wa kamba alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye kiwele kimejaa, na ndama nyuma yake. Dada alikuwa amelala njiani kwa watu wa ukoo wa marehemu mumewe, akaendelea alfajiri.

"Mwangaluka, ndugu yangu," alinisalimia, kama mtu aliyetoka nyumba ya pili.

"Mwangaluka, dada. Mhola?"

"Mhola gete. Nipokee kamba, mikono imekufa."

Nikaipokea. Nilimuuliza, kwa ujinga wangu wa kiofisi, kama ana kibali cha kusafirisha mifugo. Akacheka. Akasema kibali angekipata wapi, wakati mwandika vibali amefukuzwa.

Kumbe habari ilikuwa imeshafika Nkololo. Mke wangu siku hiyo alikuwa nyumbani, shule zimefungwa. Alitoka jikoni akamsalimia wifi yake kwa kupiga goti, akampa maji ya kunywa na mengine ya kuosha miguu. Dada alikaa kwenye kiti, akafungua mzigo wake: michembe ya viazi, na kunde kavu kwenye mfuko. Akaanza kusema kabla sijasema.

"Nimesikia. Usinieleze, mtu haelezi kidonda chake. Kazi inakuja, inaondoka. Ila mtu hakai bila ng'ombe, ndugu yangu, hilo nililisema tangu zamani mkanicheka. Huyu mnakamua asubuhi na jioni. Mengine mtakunywa, mengine wifi atauzia watumishi. Ukinyanyuka utanirudishia. Usiponyanyuka, basi ni wako."

Mimi nilikuwa namtazama ng'ombe. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote na macho hayastaafu. Alikuwa mzima, ametunzwa, mzao wa tatu au wa nne, kwenye kilele cha maziwa yake. Hakuna mtu anayemtoa ng'ombe wa namna hiyo akiwa naye mwingine.

"Umebakiwa na wangapi?" nikauliza.

"Wapo."

"Wangapi, dada?"

"Wale maksai wa kulimia." Akasugua goti lake. "Wale hawakamuliwi, sikuweza kukuletea."

Nikaelewa. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyokuwa yananunua chumvi yake, mafuta ya taa, na vidonge vya magoti. Alikuwa ameyafunga kamba maisha yake ya kila siku, akanikokotea mimi, mwenye vyumba vya kupangisha na hatifungani, niliyekuwa namwagilia mchicha kwa kujifurahisha. Aibu nimewahi kuisikia ikisemwa kwamba inachoma. Yangu haikuchoma. Ilinilegeza, kama mtu aliyepigwa na njaa, nikatafuta pa kukaa.

Na bado, naandika haya kwa sababu ya jambo hili, bado wazo lililonijia kwanza halikuwa kumwambia ukweli. Lilikuwa kwamba nimpokee ng'ombe leo, nisimvunjie heshima, halafu baada ya mwezi nimrudishe nikisema nimepata kibarua. Lilikuwa wazo zuri, halina gharama, na lingenilinda. Mke wangu aliliona linapita usoni mwangu. Alisimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi, akasema mbele ya wifi yake, wala hakushusha sauti, "Usipomwambia wewe, namwambia mimi. Na nikimwambia mimi, usinitazame tena."

Dada akatutazama, mmoja mmoja. "Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Dada, sikufukuzwa. Niliacha mwenyewe."

"Uliacha nini?"

"Kazi. Kwa hiari yangu. Nilijiwekea, ikatosha, nikaacha."

Ilichukua muda. Nilimweleza vyumba, alivijua. Nilimweleza mpunga, akatikisa kichwa, mpunga unaeleweka. Nilipofika kwenye hatifungani nilimwambia kwamba serikali inanikopa mimi, halafu inanilipa na faida.

"Serikali inakukopa wewe?" Akageuka kwa mke wangu. "Wifi, ni kweli hana homa?"

"Ni kweli, wifi. Hana shida yoyote. Watu wamesema yao, na yeye akawaacha waseme."

Dada akanigeukia tena. Nikajiandaa. Nilitaka anitukane, naapa nilitaka. Nilitaka aseme ng'ombe zangu ulizisomea, na sasa umeniacha nitembee na huyu mmoja siku mbili kwa magoti haya. Ningemwomba msamaha, tungelia, ningekuwa nimelipa kitu. Badala yake alishusha pumzi ndefu, akaweka mikono kifuani.

"Kwa hiyo hujapatwa na jambo?"

"Sijapatwa."

"Gete? Kweli?"

"Gete, dada."

"Wabeja, Mungu," akashukuru, na macho yake yakajaa maji kwa furaha. "Mimi tangu nisikie silali. Nasema, mtoto wa mama atakula nini mjini." Akaomba chai. Alikunywa kikombe cha kwanza chote, kisha akauliza, "Sasa kutwa unafanya nini?"

"Napumzika."

"Unapumzika nini?"

Hakuuliza kwa dhihaka. Alikuwa hajui. Alitaka kufahamu ni kitu gani ambacho mtu anakipumzika akiwa amelala usiku na ameamka. Nikamwambia naamka bila haraka, namwagilia mchicha, nasoma kidogo, Jumamosi tunakwenda Lamadi kula samaki. Alisikiliza kama anayesimuliwa habari za nchi nyingine, akitabasamu, akifurahi kwa ajili yangu.

"Ni vizuri," akasema. "Na mimi, kwa hesabu zako hizo, napumzika lini?"

Nadhani lilikuwa swali la kawaida kabisa. Aliliuliza kama mtu anayemuuliza mtaalamu wa mvua. Mimi ndiye niliyekuwa na hesabu. Ndani yake nilikuwa nimeingiza bei ya sato kupanda, choo kujaa, mwanangu kuoa, meno yangu kuhitaji kuzibwa. Nilitafuta ndani yake mwaka wa dada yangu kuweka jembe chini, sikuuona, kwa sababu sikuwahi kuutafuta.

"Leo," nikasema. "Acha leo. Msimu huu nitalipa vibarua walime shamba lako. Na msimu ujao, na unaofuata. Na ng'ombe huyu utarudi naye, nitakukodia gari."

Akacheka, akanipiga kwa kiganja begani, kama mtu anavyomfanyia mtoto aliyeahidi kumnunulia ndege. "Wewe mwenyewe huna mshahara. Tutaona, ndugu yangu. Tutaona."

Sikumlaumu. Angeniamini kwa lipi?

Mke wangu alipika ugali na kuku, dada akala vizuri. Baada ya hapo nilitoka kumpeleka ng'ombe kivulini na kumtafutia maji, na njiani nikapita kwa mjane wa maandazi. Nilimwambia mbele ya wateja wake kwamba sikufukuzwa, kwamba mchango wa kikundi nitatoa, ule wa nyuma na huu. Alinitazama muda mrefu, mwiko wake ukidondosha mafuta. Hakunitukana yeye pia. Alisema tu, "Kumbe," akaendelea kugeuza maandazi. Kesho yake alinifungia idadi niliyolipia.

Niliporudi, nyumba ilikuwa kimya. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, akaweka kidole mdomoni. Dada alikuwa amelala kwenye kochi. Alikuwa amekaa kusubiri niingie, usingizi ukamchukua akiwa wima, halafu ukamlaza upande. Mdomo ulikuwa wazi. Miguu ilikuwa imevimba, visigino vimepasuka, mkono mmoja bado umekunja vidole kama umeshika kamba. Nilikuwa sijawahi kumwona dada yangu amelala. Tulipokuwa wadogo alilala baada yetu na kuamka kabla yetu, na nilipokuwa mkubwa nilikwenda kwake mchana na kuondoka mchana. Tulikaa pale, mimi na mke wangu, tukimlinda kama watu wanaomlinda mgonjwa, na jua likasogea ukutani.

Pikipiki ilipiga honi nje. Dada alishtuka, akasimama kabla macho hayajafunguka sawasawa, akageuka huku na huku, akitafuta kitu cha kushika. Alipotuona akajifunga kitenge upya, haraka.

"Wifi, nisamehe," alisema. "Nisamehe sana. Sijui imekuwaje, nimelala mchana nyumbani kwa watu."

Mke wangu akamwambia alale tena, hakuna neno. Hakusikia. Alikuwa amenigeukia mimi, mdogo wake aliyestaafu, na kwa mara ya kwanza tangu afike getini kwangu aliinamisha macho.

"Nyumbani usiwaambie," akasema.